Picha ya Fundi Saa na Muuza Maziwa

Ulikuwa mwaka tuliokula pilau kwa kijiko. Wa rika langu, mliofika London mmeshikwa mikono na wazee wenu baada ya mapinduzi ya Unguja, mnaujua mwaka huo bila ya kutajiwa namba. Mchele wetu haukuwepo. Madukani kulikuwa na ule wa mviringo, wa Waingereza wa kupikia na maziwa na sukari, na mama zetu wakautia bizari na mdalasini na karafuu zilizosafiri ndani ya soksi za mtu, wakafunika sufuria, wakangoja pilau. Ukatoka uji wenye rangi. Nazi tulikuwa tunanunua ile kavu iliyosagwa ya kunyunyizia keki, tunairoweka kwa maji ya moto, tunaikamua kwa nepi mpya ya mtoto. Baadaye Wahindi wa Rayners Lane, nao wametoka kwetu huko huko, wakaanza kuuza mchele mrefu, na watu wakajifanya hawajapata kula vile. Mie sijifanyi. Mwaka wa pilau la kijiko ndio mwaka niliofungua mdomo wangu pasipo mahali pake, na mama yangu akasimama.

Aliyenitia katika kuandika ni mjukuu wangu Samira. Kila mwezi yeye na mwenzake, msichana wa Kikenya, nesi, wanakodi ukumbi hapa Thornton Heath na kuonyesha picha za sinema, za wanaume wanaopendana na wanawake wanaopendana. Wanakuja vijana, lakini wanakuja na wazee, wengi kuliko mnavyodhani, na wengine wanakaa nyuma na makoti yao hawavui. Samira akanambia, kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili anakisikia chote ila ulimi wake mvivu: Bibi, waandikie wenzio picha unazozipenda na kwa nini zinafaa kutazamwa. Nikamwambia mie shule nimeikalia, sikuisoma. Waliniweka dawati la nyuma mpaka nilipofika umri wa kwenda kushona mapazia kiwandani. Akasema andika unavyosema. Basi nasema.

Majina ya picha siyajui na sina haja nayo. Kuna ile ya wazee wawili wenye tanuri la mkate. Kutoka mwanzo mpaka mwisho hawabusiani hata mara moja, lakini yule mwembamba anaamka kabla ya mwenziwe na kumwekea viatu karibu na tanuri vipate moto. Nimeitazama mara nne, na kila inapofika pale kwenye viatu natafuta leso. Kuna ile ya wanawake wawili washona matanga ya majahazi, wamegombana, hawasemezani wiki nzima, na usiku yule mwenye hasira analala upande wa dirishani ili upepo umpige yeye. Halafu kuna moja Samira anaisifu sana, ya vijana wazuri wazuri wanaovua nguo kila baada ya dakika tano, mwisho mmoja anajitupa mtoni. Hiyo siitaki. Nilimwambia, mwanangu, hawa hawajuani. Saa mbili nzima hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenziwe kama amekula. Na nani kasema lazima mtu afe? Aliyetengeneza picha ile alikuwa na haraka ya kwenda kwake.

Mie natazama mikono. Maneno yanaweza kuandikwa na mtu yeyote, lakini mikono ikidanganya inaonekana. Hilo sikulisoma dawatini. Nilifunzwa na mama yangu, Bi Rukia, katika sinema ndogo ya Stratford iliyokuwa inanuka vumbi lililoungua na makoti yaliyolowa mvua. Juzi Samira aliwasha mashine kuukuu ya kurushia picha aliyoipata mahali, taa yake ikachoma vumbi, na harufu ile ikanirudisha moja kwa moja kwenye kiti changu, miguu haifiki chini.

Mama alikuwa mhadithiaji wa picha. Unguja, Jumapili mchana, kulikuwa na onyesho la wanawake peke yao, na yeye alikuwa hakosi. Picha zilikuwa za Kihindi na za Kimisri, na Mama hakujua Kihindi wala Kiarabu cha Misri. Alikuwa anazisoma kwa macho na mikono ya watu, kisha anarudi mtaani na kuwahadithia wale waliokatazwa kutoka, kitambo kirefu, pamoja na vilio. Baba alibaki huko. Barua zake zilikuja, zikapungua, zikakatika. Mama akafika London na mtoto mmoja, mabuibui mawili, na kipaji hicho.

Mdogo wake, Mjomba Saidi, alikuwa ametangulia. Alikuwa na kazi ya kurusha picha katika sinema ile ya Stratford. Jumatano mchana ukumbi ulikuwa mtupu na meneja wake, mzee mmoja wa Kiingereza, alikuwa hapendi kuviona viti vitupu, basi Mjomba akapata ruhusa ya kuwaingiza dada yake na wenzake. Wanawake sita, mabuibui ndani, makoti ya wanaume juu, chupa ya chai ya tangawizi na mandazi ndani ya kanga. Mama alikaa katikati, na anachokiona anakisema, kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona. "Huyu mwongo, mtazameni shingo." "Anakwenda kwa mke mwingine, viatu vimepigwa rangi." Mara nyingi alikuwa anapatia. Akikosea tulikuwa hatujui, na picha yake ilikuwa nzuri kuliko ya wenyewe. Jumapili, wale waliokuwa kazini Jumatano, wanaosafisha hospitali na wanaofua, walikuja kwetu kula na kuhadithiwa. Hapo ndipo Mama alipokuwa mtu. Siku nyingine zote alikuwa mwanamke anayeoneshwa kidole dukani kwa sababu hajui kusema "nusu."

Mjomba aliishi chumba cha juu, nyumba yetu hiyo hiyo, na rafiki yake Domi. Anko Domi alikuwa Mgoa wa Unguja, fundi cherehani, mrefu, Kiswahili chake kitamu kuliko chetu. Koti langu la kwanza la baridi alilishona yeye, akalitia kitambaa chekundu ndani ambacho hakuna mtu angekiona. "Wewe utajua kipo," akanambia. Kila asubuhi, pale ngazini, alimkagua Mjomba kabla hajatoka. Kifungo kikiwa kimelegea alikuwa anakikaza pale pale, koti limevaliwa, kisha anainama na kuukata uzi kwa meno, kifuani kwa Mjomba. Mjomba alikuwa anatazama dari na kucheka.

Mie nilikuwa na maelezo yangu. Hita ya mafuta ya taa ilikuwa moja kila chumba, na mwenye nyumba alisema hita moja watu wawili. Kwa hivyo niliamini kuwa Uingereza kila mwanamume asiye na mke anapewa mwanamume mwenziwe, pamoja na hita. Niliwahi kumuuliza Mama sisi tutapewa nani. Na nilikuwa na imani nyingine, kubwa zaidi. Mwanga ulitoka kwenye kitundu ukutani, nyuma ya vichwa vyetu, na nyuma ya kitundu yuko Mjomba. Basi picha zilikuwa zake. Nilidhani anakaa kule anafikiri, na anachokifikiri kinakwenda ukutani. Nilikuwa najivunia sana kuwa na mjomba mwenye mawazo yenye farasi na mvua na wanawake wa kizungu wanaozimia.

Jumanne moja Mjomba alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari. Anakoroga tu.

"Dada," akasema, "picha ya kesho njoo uione."

"Lini sijaja?"

"Najua. Lakini ya kesho njoo."

Mama akamtazama, akasema haya. Mjomba angetaka Mama aje peke yake angesema, hakusema. Basi Jumatano tukaenda wote kama kawaida, na Bi Zuwena mbele.

Huyu Bi Zuwena lazima mumjue. Alikuwa mkubwa wa wanawake wetu wote, mfupi, mzito, na ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kike. London wakati ule hakukuwa na mwingine tuliyemjua. Ukigombana na Bi Zuwena unagombana na sanda yako.

Picha ilikuwa ya nchi nyingine, hata Waingereza hawaijui lugha yake, maandishi meupe yanapita chini. Mama akaniamrisha nisome. Nilikuwa sijamaliza neno la kwanza, yamekwishakimbia. "Basi nyamaza," akasema, "tutatazama wenyewe."

Kulikuwa na fundi saa katika mji wa mawe, na muuza maziwa mwenye farasi na mkokoteni. Kila alfajiri muuza maziwa anampelekea fundi saa chupa yake, na kila alfajiri anakaa kidogo zaidi. Mama akaanza vizuri. "Huyu hana mtu, tazameni meza, kikombe kimoja." Wenzake wakasikitika. "Leo vikombe viwili." Wakafurahi. Kisha muuza maziwa akaja na koti limekatika kifungo. Fundi saa akachukua sindano, mikono ile iliyozoea vijisaa vidogo, akakishona kifungo koti likiwa mwilini, akainama, akaukata uzi kwa meno. Hakuondoa uso haraka. Muuza maziwa akatazama dari.

Mama akanyamaza. Nilikuwa sijapata kumsikia akinyamaza sinemani.

"Vipi, Bi Rukia?" wakauliza. "Nini sasa?"

"Anampenda," Mama akasema.

"Naam, kama nduguye," akasema Bi Zuwena.

"Anampenda," Mama akasema tena, sauti ile ile.

Na mie, ambaye nimekaa na furaha yangu kwa sababu nimemtambua mtu, nikasimama juu ya kiti, nikageuka nyuma kwenye kile kitundu, nikapiga kelele: "Mjomba! Umejitia wewe na Anko Domi!"

Hakuna aliyecheka. Farasi akaendelea kutembea ukutani. Bi Zuwena akakusanya koti lake, akainuka, na wawili wakainuka naye. Alipita mbele yetu bila ya kutukanyaga, na hilo lilikuwa baya kuliko kutukanyaga. Mama akanivuta nikae. Akanishika goti, akatazama mpaka mwisho. Na wale waliobaki, hakuwahadithia neno.

Njiani nikamuuliza kama nimekosea. Akasema, "Umekosea kupiga kelele sinemani. Jengine hukukosea." Kisha akanifunga vifungo vyote mpaka shingoni, kwa nguvu, kama ananifungia safari.

Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Mjomba na Anko Domi walishuka ngazi kimya. Kifungo hakikushonwa pale. Niliona Anko Domi ametoa sanduku chini ya kitanda na kulifuta vumbi, na mie nikajua kuwa ni kwa sababu yangu, ingawa sikujua sababu yenyewe ni nini. Nikamfuata Mjomba chooni, nikamwambia mlangoni anisamehe kwa kusema mawazo yake mbele ya watu. Akatoka na povu la ndevu. Hakuelewa. Nilipomweleza kuwa yeye ndiye anayezitengeneza picha, akakaa chini kwenye ngazi.

"Mie narusha tu, mwanangu," akasema. "Hii natamani ningeitengeneza."

Jumapili wakaja wote. Hawajapata kuja wengi vile. Habari ilikuwa imetangulia. Walikaa kwenye kitanda, kwenye masanduku, hata lile la Anko Domi lililoteremshwa kwa uchache wa viti, na sakafuni. Sufuria la pilau katikati, na vijiko. Juu, mlango wa chumba cha Mjomba ulikuwa wazi kidogo, na mie niliyekaa kwenye ngazi ya chini niliona miguu minne juu yangu, imesimama.

Bi Zuwena hakungoja chai. "Bi Rukia, mwanangu," akasema, kwa upole, na upole wake ndio uliotisha, "hawa wenzio hawakuwepo Jumatano. Wanataka kuhadithiwa. Hebu wahadithie: walikuwa ndugu, baba mmoja, wamepotezana wadogo, wakakutana. Picha kama hizo ziko nyingi. Mtoto akaona koti akachanganya. Watoto ndivyo walivyo. Tukila, tumesahau."

Nilimwona Mama anapima. Sasa mie mtu mzima najua alikuwa anapima nini. Chumba kile ndicho kilichokuwa mji wake. Wanawake wale ndio waliomtafutia kazi ya kufua, ndio waliokaa na mie nilipopata surua, ndio pekee waliojua kuwa yeye ni hodari wa kitu chochote. Na lilikuwa jambo dogo aliloombwa. Neno moja tu, ndugu, na kila mtu anakula kwa amani, mdogo wake anabaki na heshima yake juu ya ngazi, na mie ndiye niliyekosea, na mie mtoto.

"Bi Zuwena," akasema, "ndugu hawatazamani vile. Wewe umeona, mie nimeona."

"Mie nimeondoka."

"Umeondoka kwa kuwa umeona."

Mwanamke mmoja akakohoa. Mwengine akasema, "Bi Rukia, usikaze shingo, mwenzetu, ni picha tu." Na mwengine, "Si useme tu! Kwani wale wazungu wa ukutani watakuja kukushitaki?" Watu wakataka kucheka, ikawa njia ya kutokea, mlango umefunguliwa kabisa.

Bi Zuwena akaweka kijiko chini. "Na siku yako ikifika, katika nchi hii ya baridi, nani atakuosha?"

Chumba chote kikasikia. Juu ya kichwa changu miguu miwili ikarudi nyuma hatua moja. Mama akainuka. Alikuwa mwembamba, ana kanga iliyopauka na soksi za Mjomba, na mikono yake, mie naitazama mikono, ilikuwa imetulia kama ya mtu anayepepeta.

"Sibadilishi," akasema. "Nilichokiona ndicho nilichokisema."

Kisha akanyanyua uso kwenye ngazi, akaita kwa sauti ya kila siku: "Domi! Saidi! Shukeni, pilau linapoa, na likipoa hili linakatwa kwa kisu."

Wakashuka. Bi Zuwena akatoka, na karibu chumba kizima kikamfuata, wengine na sahani zao, ambazo hatukuzipata tena. Waliobaki walikuwa wanne. Anko Domi hakujua akae wapi, na Mama akamsukumia sanduku lile lile alilokuwa amelifuta vumbi, akasema, "Kalia hilo, lifanye kazi ya maana." Akamtilia pilau. Akamkabidhi kijiko. Akaanza: palikuwa na fundi saa, na mezani kwake kikombe kimoja. Alihadithia mpaka mwisho, na hakupunguza kitu. Mjomba Saidi, ambaye alikuwa ameirusha picha ile mara saba wiki ile, alisikiliza kama hajapata kuiona, machozi yanaingia kwenye pilau.

Jumatano iliyofuata tulikwenda mie na Mama peke yetu, na mandazi ya watu sita. Akahadithia kama kawaida, sauti ile ile, kwa viti vitupu na kwangu mie. Ilichukua muda. Mmoja akarudi kwa sababu alikuwa hawezi kulala bila ya kujua picha ya mwezi ule iliishaje, akaja mwengine na dada yake. Wote hawakurudi. Bi Zuwena hakurudi, na tukikutana naye sokoni aliitikia salamu tu. Mama hakuacha kumwamkia. Mjomba na Anko Domi walizeeka katika chumba kile, kisha katika nyumba yao wenyewe, na mie nimewazika wote wawili, kila mmoja kwa dini yake, mwaka mmoja. Makoti yao ninayo. Vifungo havijatoka.

Samira aliponiletea msichana wake wa Kikenya, anatetemeka, ameandaa hotuba, nilitazama tu mikono. Yule nesi alikuwa amemshikia mwenziwe mkoba, kikombe na koti, vyote mkono mmoja, ili Samira apate mikono mitupu ya kunielezea. Nikasema kaeni, mmekula? Hotuba nzima ikapotea bure. Watu wananambia mama mjane, asiyejua kusoma, alikuachia nini. Ameniachia macho. Natembea nayo London nzima kama mtu mwenye mali.

Mama alifariki asubuhi, hospitali, mie nimemshika. Tukamleta nyumbani. Sikuwa nimemwita mtu wa kuosha, bado nilikuwa naulizia, mlango ukagongwa. Bi Zuwena. Anatembelea fimbo, macho yamepata ukungu, mjukuu wake amembebea ndoo na karafuu maiti. Hakunipa pole. Akavua koti, akakunja mikono, akasema, "Maji yawe vuguvugu. Rukia alikuwa hapendi baridi." Akamwosha mama yangu taratibu, kidole kwa kidole, na mie nikamwagia maji.

Alipomaliza alikaa kitini, amechoka, anajifuta mikono. Akanitazama kwa yale macho yake ya ukungu.

"Nakuuliza," akasema. "Ile picha. Mie niliondoka. Nilisikia yule wa maziwa alikwenda zake. Alirudi?"

"Alirudi, bibi. Alikwenda miaka, na akarudi hajui kama mlango bado ni ule. Farasi ndiye aliyesimama. Alifika pale akasimama mwenyewe, hakuambiwa."

"Farasi," akasema. Akatikisa kichwa kitambo. "Na yule mwengine alifungua?"

"Alifungua. Mezani vikombe viwili."

Kisha akainama karibu yangu, mzee yule, ananuka karafuu maiti, na akaninong'oneza kama mtoto anayeomba kitu kidogo: "Sasa niambie tu walikuwa ndugu, nikapumzike."

Mama alikuwa pale amelala kati yetu, mweupe, msafi. Nikamshika Bi Zuwena mikono yake yote miwili, bado ina unyevu.

"Sibadilishi," nikamwambia. "Nilichokiona ndicho nilichokisema."